Kukarabati nje ya nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe kabla ya masika

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar, pamoja na zile za Lamu zinazofanana nazo, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga, udongo mwekundu na boriti za mikoko. Kuta zake huwa na unene wa sentimita 50 hadi 60, nazo hunywa maji ya mvua na kuyatoa tena kwa njia ya mvuke jua linaporudi. Nyumba ya namna hii haiharibiwi na mvua iliyoupiga ukuta kwa siku chache. Huharibiwa na maji yanayoingia mahali pale pale mwaka hadi mwaka, na zaidi huharibiwa na maji yaliyokwisha kuingia yakakosa pa kutokea. Kuyazuia maji yasiingie kutoka juu na kuuacha ukuta upumue: hayo mawili ndiyo yanayoamua kazi ipi ifanyike kwanza, kwa vifaa gani, na kazi ipi isifanyike kabisa.

Wakati wa kufanya kazi

Masika huanza mwezi wa Machi na kumalizika Mei, na kwa kawaida Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote. Mwenye nyumba anayeanza kumtafuta fundi katika wiki ya mwisho ya Februari amekwisha kuchelewa, kwa sababu lipu ya chokaa haikomai kwa siku chache kama ile ya saruji. Chokaa hugeuka kuwa jiwe kwa kuvuta hewa ya ukaa iliyomo angani, na mabadiliko hayo huanzia usoni na kuingia ndani polepole kwa wiki nyingi na hata miezi, kwa hiyo mvua kubwa ikiikuta lipu ingali changa huiosha. Lipu ya ukuta mzima ipangwe kati ya Juni na Septemba, wakati wa kipupwe, ambapo mvua ni chache na jua si kali. Mvua za vuli, kuanzia Oktoba hadi Disemba, zitumike kwa ukaguzi, maana hakuna chombo kinachoonyesha mahali paa linapovuja kama mvua yenyewe. Januari na Februari zibaki kwa kazi za paa, mifereji, viungo vya mawe, viraka vidogo vya lipu na kupaka chokaa, na katikati ya Februari iwe mwisho wa kuweka lipu mpya kwenye ukuta wa nje.

Kabla ya kufunga jukwaa lolote, pata kibali. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu tangu mwaka 2001. Kwa upande wa Zanzibar, pa kwenda ni Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985. Kwa upande wa Lamu, pa kuanzia ni ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ikiwa nyumba ni ya wakfu au ya serikali, mpangaji asiguse kitu bila idhini ya maandishi ya mwenye mali. Wapo wanaoiona hatua hii kuwa usumbufu. Mimi naiona kuwa faida, kwa sababu mkaguzi anayepita katika nyumba hizi kila siku ameona nyufa nyingi kuliko mmiliki yeyote, na ni afadhali maoni yake yapatikane kabla fedha hazijalipwa.

Kuikagua nyumba

Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba kiasi kwamba aliyesimama chini haoni sehemu ya juu ya ukuta wake, na sehemu hiyo ndiyo inayohitaji kuonwa zaidi. Muombe jirani wa ng'ambo akuruhusu kutazama kutoka dirishani au darini kwake, kisha chora ukuta kwenye karatasi na uweke alama kila unapoona doa jeusi, ukungu wa kijani, mmea ulioota, lipu iliyovimba au ufa. Mara nyingi madoa hayo yakisomwa kwa pamoja hutaja chanzo chake: doa refu linaloshuka wima chini ya ukingo wa paa ni mfereji uliotoboka, doa la mviringo katikati ya ukuta ni bomba la chooni linalovuja, na mstari wa kijani chini ya dirisha la ghorofa ya pili mara nyingi ni maji ya kiyoyozi yanayodondokea ukutani usiku na mchana. Hilo la kiyoyozi limekuwa kubwa katika miaka hii, na tiba yake ni rahisi mno isivyostahili kupuuzwa: mpira mwembamba unaoyapeleka maji hadi kwenye mtaro.

Baada ya kutazama, gonga. Tumia mpini wa nyundo na upite ukuta wote unaofikika, ukisikiliza. Lipu iliyoshikamana hutoa sauti nzito na fupi, na ile iliyoachana na mawe hutoa mshindo mtupu. Zungushia mkaa kila eneo lenye mshindo huo, kwa sababu ndilo litakalobanduliwa. Kwenye nyufa, chora mstari wa penseli katika kila ncha ya ufa na uandike tarehe pembeni. Ufa ambao haujasogea kwa miezi kadhaa ni wa kuzibwa, na ule unaoendelea kurefuka una sababu ambayo lipu haitaiondoa. Ukuta uliofura kuelekea nje, ufa unaopitisha kidole, au ufa unaopita katika pembe ya nyumba kutoka ghorofa moja hadi nyingine ni kazi ya mhandisi anayeyajua majengo ya chokaa, tena kabla hata jiwe moja halijaondolewa. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu walipoteza maisha. Kuta kuukuu zinazobeba uzito zisichezewe bila kuwekewa mihimili ya kuzishikilia.

Paa na mifereji

Fedha zikiwa chache, zote ziende juu. Lipu nzuri chini ya paa linalovuja ni hasara, ilhali ukuta uliochakaa chini ya paa zima unaweza kusubiri mwaka mwingine.

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilizokuwa na paa bapa la chokaa ziliongezewa paa la mabati baadaye. Panda na uangalie misumari kwanza, kwani kutu huanzia kwenye tundu la msumari, si katikati ya bati. Msumari uliolegea ung'olewe na kuwekwa mwingine mnene zaidi wenye kofia na mpira chini yake. Bati lililooza ukingoni libadilishwe lote, na mabati mapya yapishane kwa mikunjo miwili ubavuni na si chini ya sentimita 15 kwenye ncha. Mahali pa hatari kuliko pote ni pale bati linapokutana na ukuta wa ukingoni. Mafundi wa haraka hupaka saruji hapo, lakini saruji haishikamani na bati linalotanuka na kusinyaa kwa joto, na katika muda mfupi pengo hufunguka. Kinachodumu ni ukanda wa bati uliokunjwa, upande wake mmoja ukilala juu ya paa na wa pili ukiingizwa katika mfuo uliochongwa ukutani, kisha mfuo huo ujazwe chokaa.

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Kwa hiyo paa lenye mita za mraba 80 likinyeshewa milimita 50 katika siku moja, jambo la kawaida mwezi wa Aprili, hukusanya lita 4,000, na lita zote hizo hupita kwenye mifereji. Zoa majani na manyoya ya ndege, kisha mimina ndoo ya maji upande wa juu wa mfereji na uyafuate yanavyokwenda. Yakisimama mahali, mfereji umelala. Mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita 2 unatosha. Bomba la kuteremshia maji lisimamishwe mbali kidogo na ukuta, ili likipasuka lionekane, na mdomo wake uelekee kwenye mtaro au kwenye tangi, kamwe usielekee kwenye msingi au barazani.

Lamu bado zipo nyumba zenye paa bapa la chokaa na kokoto za matumbawe. Paa hizo zamani zilipigwa kwa virungu kwa siku nyingi mpaka zikashikamana. Nyufa zake zifunguliwe kwa tindo, ziloweshwe, na kujazwa chokaa yenye vipande vidogo vya mawe, huku ikishindiliwa vivyo hivyo kila inapoanza kukauka.

Mimea iliyoota ukutani, hasa midogo ya jamii ya mkuyu ambayo mbegu zake huletwa na ndege na popo, isivutwe kwa nguvu. Mzizi hupita ndani ya viungo, na anayeuvuta hung'oa mawe pamoja nao. Ukate shina karibu na ukuta, paka dawa ya kuua magugu kwenye jeraha lile lile bila kuchelewa, na usubiri hadi mzizi ufe. Ndipo utolewe taratibu na tundu lake lijazwe mawe madogo na chokaa.

Saruji

Kosa lililoziumiza nyumba hizi kuliko mvua yenyewe ni kuzipiga lipu ya saruji. Saruji ni ngumu kuliko matumbawe na haipitishi mvuke kwa wepesi. Ukuta wa mawe na chokaa husogea kidogo kidogo kwa joto na unyevu, saruji haisogei nao, kwa hiyo hupasuka. Maji huingia katika mipasuko hiyo, na yakishaingia hayatoki. Nyuma ya lipu hiyo chokaa ya viungo hulainika, chumvi hukusanyika, na ncha za boriti zilizomo ukutani huoza bila mtu kuona, mpaka siku lipu inapoanguka kwa kipande kizima ikiwa imebandua na uso wa mawe. Mwenye nyumba hulaumu mvua, akaagiza saruji nyingine nzito zaidi, na ugonjwa unaendelea.

Hata hivyo si kila saruji iondolewe mara moja. Pale ilipotoa mshindo mtupu, ibanduliwe yote kwa tindo nyembamba na nyundo nyepesi, kuanzia juu, bila mashine ya kutikisa. Pale iliposhikamana sana na ukuta ni mkavu, kuing'oa kwa nguvu huvunja mawe, na kwa maoni yangu ni bora iachwe, nyufa zake zizibwe, na ifuatiliwe. Kanuni hii hii inahusu rangi za plastiki na za mafuta: zinafunga uso wa ukuta, na malengelenge unayoyaona juu yake ni unyevu unaotafuta njia.

Kuitayarisha chokaa

Chokaa nzuri ndiyo nusu ya kazi, na huanza kutayarishwa miezi kabla ya fundi kushika mwiko. Ukipata chokaa ya tanuri ambayo haijazimwa, jaza maji kwanza kwenye pipa au shimo, kisha tia chokaa ndani ya maji kidogo kidogo. Usifanye kinyume chake kwa kuyamwagia maji mawe ya chokaa yaliyorundikwa, maana huchemka kwa ghafla na kuruka. Anayefanya kazi hii avae miwani ya kufunga macho, glavu za mpira na viatu vya kufunika, na watoto wawe mbali. Chokaa ikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi mfululizo kwa dakika 20 na mgonjwa apelekwe hospitali. Ndoo ya maji safi ikae karibu wakati wote wa kazi kwa ajili hiyo tu. Chokaa ikishatulia, ichujwe kwa chekeche na iachwe chini ya maji, isiguswe na hewa, kwa muda usiopungua mwezi mmoja. Ya lipu ya mwisho ikikaa miezi mitatu huwa laini zaidi na haileti vijipele ukutani.

Wengi leo hununua chokaa ya unga katika mifuko. Inafaa, ila iwe mpya, kwa sababu iliyokaa dukani katika hewa ya bahari huwa imekwisha kurudi kuwa unga wa mawe, nao haushiki. Weka kijiko kimoja kwenye kisahani na uikamulie ndimu: ikitoa povu jingi, imeharibika, ikibaki kimya au ikitoa mapovu machache tu, iko salama. Iloweshwe kwa siku moja au zaidi kabla ya kuchanganywa.

Mchanga wa pwani usitumike, kwa kuwa chumvi yake itatokea usoni kila mwaka. Tafuta mchanga wa shimo, wenye chembe kubwa na ndogo pamoja, uliosafishwa kwa maji yasiyo na chumvi. Kwa lipu ya kwanza, ndoo 1 ya chokaa iliyokwisha kulainika na ndoo 3 za mchanga ni kipimo kizuri cha kuanzia. Mafundi wa Unguja huongeza udongo mwekundu, hasa kwa chokaa ya kujengea. Kiasi chake hutegemea udongo wenyewe, kwa hiyo pigeni viraka viwili au vitatu vya majaribio mahali pasipoonekana, kila kimoja na kipimo chake kilichoandikwa, na mchague kisichopasuka. Mchanganyiko upondwe na kugeuzwa kwa muda mrefu badala ya kuongezewa maji, kwani maji mengi ndiyo huleta nyufa.

Viungo na lipu

Futa viungo vilivyolegea hadi kina cha sentimita 2 au 3, toa vumbi kwa brashi, kisha lowesha ukuta kutoka juu kwenda chini mpaka uache kunywa maji kwa pupa. Chokaa isukumwe ndani kabisa kwa mwiko mwembamba, na kila pengo kubwa liingizwe vijiwe vya matumbawe, kwa sababu chokaa tupu katika tundu pana hunywea na kupasuka. Matumbawe hai yasichimbwe baharini kwa kazi hii. Mawe yanayotoka katika kuta zilizovunjwa yanatosha na yana umri mmoja na ukuta wako.

Lipu ipigwe kwa safu nyembamba, kila moja isizidi sentimita 1. Safu ya kwanza irushwe kwa nguvu ili iingie katika vinyweleo vya mawe, isawazishwe bila kulainishwa, na ikwaruzwe mistari ya mshazari ipate kuishika ya pili. Ya pili isiwekwe mpaka ukucha wa dole gumba ushindwe kuacha alama ya ndani katika ya kwanza, jambo linaloweza kuchukua wiki moja au zaidi. Uso wa mwisho usuguliwe kwa bao la mbao. Mwiko wa chuma unaovutia kwa kung'arisha hufunga vinyweleo na kuiletea lipu nyufa ndogo ndogo.

Kisha inafuata sehemu inayosahauliwa. Jua na upepo wa kaskazi wa Januari hukausha lipu kabla haijaanza kugeuka jiwe, na lipu iliyokauka kwa namna hiyo hubaki unga unaofutika kwa kiganja. Tundikeni magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta, na nyunyizieni maji kwa ukungu mwepesi asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Fundi asiyekubali kurudi kwa kazi hii hajamaliza kazi, na malipo ya mwisho yasubiri hapo.

Boriti, roshani na mlango

Katika kila mahali palipokuwa na doa la maji, ingia ndani na uichome ncha ya boriti kwa bisibisi pale inapoingia ukutani. Chuma kikizama zaidi ya sentimita 1 bila kazi, ncha imeoza. Dari ishikiliwe kwa nguzo za muda, boriti itolewe, na mpya yenye unene ule ule iingizwe katika tundu lake ikiwa imezungukwa na nafasi ndogo ya hewa, pasipo kuzibwa kwa saruji. Boriti zinunuliwe kwa muuzaji mwenye kibali cha kukata mikoko.

Mbao za roshani na madirisha ziangaliwe njia za mchwa, zibadilishwe kipande kilichooza tu, na kupakwa mafuta ya kitani kwa safu nyembamba. Mlango wa nakshi usipigwe msasa wa mashine hata kidogo, maana nakshi iliyofutwa hairudi. Brashi laini, kitambaa chenye maji kidogo na mafuta vinatosha. Njumu za shaba zisafishwe kwa ukwaju huku mbao zinazozizunguka zikikingwa, kisha zifutwe mara moja.

Kupaka chokaa na sehemu ya chini

Chokaa ya kupaka izimuliwe kwa maji hadi iwe nyepesi kama maziwa, na ichujwe. Ukuta uloweshwe, na upakwe upande ulio kivulini, safu moja kwa siku. Safu nyembamba nne au tano hudumu, na mbili nzito hubanduka. Usiitie chumvi, ingawa wapo wanaoshauri hivyo, kwa kuwa kazi yote ya nyuma imekuwa ni kuiepuka. Anayetaka rangi atumie ya udongo, isiyozidi sehemu moja katika kumi kwa uzito.

Mita ya kwanza kutoka ardhini huwa na unyevu daima, na haifai kufichwa kwa vigae wala rangi ya mafuta. Ipigwe lipu ya chokaa iliyo dhaifu kidogo kuliko mawe, ikijulikana kwamba itabomoka na kubadilishwa kila baada ya miaka michache ikiwa imechukua chumvi yote badala ya ukuta. Baraza liwe na mteremko wa kuelekea kichochoroni, na mtaro ulio mbele ya nyumba uzibuliwe hadi pale unapoungana na wa jirani.

Mvua kubwa ya kwanza ya Machi inaponyesha, zunguka nyumba ukiwa na ile karatasi ya ukaguzi. Angalia kama mfereji unafurika popote, kama bomba linatema maji mahali pake, na kama ukanda wa bati kwenye ukingo umekaa. Rudia baada ya siku mbili za jua: sehemu za ukuta zilizokauka ziko sawa, na zile zilizobaki na doa ziandikwe kwa tarehe, zipigwe picha, na ziwekwe mwanzoni mwa kazi za Juni.